Rangi ya Bure

Hapa Kasongo farmasi ni nyekundu, butiki ya sukari ni nyekundu, kibanda cha kinyozi chekundu. Nganda ya bia, ambayo ndiyo ingestahili wekundu kuliko wote, imebaki bluu kwa sababu mwenyewe aligombana na mawakala wa kampuni ya simu. Kampuni hiyo ilipita ikigawa rangi ya bure, na kwa barabara zetu kopo la rangi likifika hapa bei yake imeshazaa wajukuu, basi nani angekataa? Juzi nilimtuma mtoto kinini. Akarudi na unite za simu.

Wataalamu wa matangazo wanasema nyekundu huliwahi jicho kabla ya rangi nyingine, tena humharakisha mnunuzi. Nawaamini, huko kwao kwenye lami na kuta za kijivu. Sisi udongo ni mwekundu, tofali nyekundu, mawese mekundu, na shati langu jeupe lililopanda pikipiki kutoka Kabambare lilishuka Kasongo halijulikani lilizaliwa na rangi gani. Katika hali hiyo, kibanda chekundu kitamshtua nani? Mgeni akiuliza njia tunamwambia: nenda mpaka pale pa bluu, kisha uliza tena. Kwa hiyo mwenye nganda, bila kulipwa hata franka moja, ndiye anayeonekana kuliko wote mjini.

Tena si leo tulipoanza kuuziwa wekundu. Karne ya 19 misafara kutoka pwani ilibeba shanga za kila namna, na zile nyekundu, samesame, wafanyabiashara waliziita kivunja mji, eti wanawake wangefilisi nyumba na waume wao kwa kuzitaka. Hapo nina neno. Misafara hiyohiyo ilibeba joho, kitambaa kizito chekundu cha kuwatuliza machifu ili njia ifunguliwe. Mbona joho halikuitwa kivunja chochote? Chifu akipenda nyekundu ni heshima, mama akipenda nyekundu mji umevunjika.

Hata msafiri Livingstone aliyeonjeshwa Kabambare yetu, akalala huko mwaka 1870 na vidonda vya miguu, aliishia kwenye wekundu. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, hakuwa tena na karatasi wala wino. Akachukua gazeti la zamani, The Standard la London, akaandika kwa kukatiza mistari ya chapa, kwa rangi nyekundu ya zingefuri. Maandishi yakafifia mpaka ikabidi wataalamu wayapige picha kwa mianga ya namna nyingi ndipo yasomeke, wakayachapisha mwaka 2011. Ningependa kujua kwa nini zingefuri ilikubali kufifia, na ile ya kampuni ya simu imepigwa mvua misimu yote na bado inaniumiza macho asubuhi ninapofungua dirisha.

Lakini wekundu unaonikosesha usingizi ni wa jirani yangu. Ameandika ukutani kwa herufi kubwa nyekundu: PARSELI HII HAIUZWI. Alitaka kuwatisha matapeli wa viwanja. Sasa kila anayepita na pikipiki anafunga breki. Kuta zilizo kimya hakuna anayeziuliza, ila huu unaopiga kelele wanaona kuna jambo. Na kwa kuwa jirani hushinda shambani, hodi zinapigwa kwangu.

"Papa, hii parseli iko bei gani?"

"Si umesoma? Haiuzwi."

"Nimesoma, Papa. Ndiyo maana nauliza."

Jana alikuja mmoja na shemeji yake na kamba ya kupimia. Walipima ukuta wa jirani, wakaendelea mpaka wa kwangu, ambao haujaandikwa kitu. Nikawauliza wanafanya nini huku. Yule shemeji akanijibu kwa heshima zote kwamba huu hauna maandishi mekundu, kwa hiyo walidhani hauna mwenyewe.