Duka Lililojifungia kwa Ndani

Mvua za Machi zimenikuta jikoni nikipanga sufuria, si za kupikia bali za kukinga maji, moja chini ya kila tundu la bati. Hela za bati jipya zilikuwepo. Ziliondoka Desemba kwenda kutufanya tuonekane kwenye Google, na kwa kuwa kila anayeingia humu akalowa hunitazama mimi, acha nieleze zilivyoondoka.

Nauza omena Muhuru Bay. Alfajiri napokea mashua, naanika juu ya nyavu kuukuu, na jua likikubali, jioni nashona magunia. Wateja wangu ni akina mama wa Migori na Kisii ambao hunitambua kwa sauti kabla sijataja jina. Mume wangu alifundisha Kiswahili miaka 31 akastaafu, na hadi leo ufuo mzima humwita Mwalimu. Mimi pia humwita hivyo, hasa nikiwa nimekasirika.

Balaa lilianza na pikapu kutoka Nakuru. Ilipita mbele ya uzio wetu, ikaenda kupakia kwa jirani. Mwalimu alipomuuliza dereva kwa nini ametuvuka, akajibiwa kwamba alitafuta kwenye simu tangu Migori asione muuza omena hata mmoja Muhuru, kwa hiyo akasimama alipoona watu wengi. Usiku huo Mwalimu aliacha ugali ukapoa. "Kwa hiyo kwa mtandao sisi hatupo," alisema. "Lazima tuwe na tovuti."

"Websaiti," nikamsahihisha.

"Tovuti," akanisahihisha yeye, na hapo ningepaswa kujua kwamba safari itakuwa ndefu.

Kijana mmoja wa Migori alitujengea. Alitununulia jina linaloishia na .co.ke, akapiga picha za nyavu zangu, akaturudishia nywila kwenye karatasi. Maneno yote aliyaandika Mwalimu mwenyewe, usiku nne mfululizo, kamusi pembeni. Dagaa wetu walikuwa lulu ya ziwa, kitoweo chenye siha, tunu ya jadi. Nilisoma kurasa zote tano. Neno omena halikuwemo hata mara moja.

"Neno sanifu ni dagaa," alinieleza kwa upole ule wa darasa la nne. Nikanyamaza. Wingu lilikuwa linakuja na mali yangu ilikuwa bado nje.

Tuliizindua Septemba, usiku wa mwezi mpevu. Usiku kama huo omena hawavuliwi, kwa sababu taa za wavuvi huwavuta samaki gizani tu. Mbalamwezi ikijaa, karabai haina kazi. Mashua zilikuwa zimelala na watu wote walikuwa nyumbani. Mama mkwe alipewa kiti chenye mito. Mwalimu akavaa miwani, akaandika kwenye simu: dagaa Muhuru.

Simu ikamuuliza kama alimaanisha muhuri.

Akaipuuza. Ikamletea wachonga mihuri wa Nairobi, halafu MUHURI, lile shirika la haki za binadamu la Mombasa. Akaandika Muhuru Bay kwa ukamilifu. Ikaja Migingo, Migingo tena, na mzozo wa Kenya na Uganda juu ya Migingo. Yaani jabali la ziwani lisilofikia hata uwanja mmoja wa mpira linajulikana na dunia nzima, na sisi tulio nchi kavu, wenye shule na soko, tumewekwa chini yake kama tanbihi.

Mama mkwe alinigeukia mimi, si mwanawe. "Nyar Karungu, hilo duka mmelijenga kisha mkalificha?"

Siku hizo nilidhani kwamba ukiandika neno, Google hukimbia duniani kote kulitafuta, ndipo irudi na jibu. Kumbe mbio zake huwa imeshazimaliza zamani. Ina programu zinazotambaa usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, zikisoma na kuweka kumbukumbu katika faharasa kubwa mno: neno hili, limo katika kurasa hizi. Ukiuliza, inachofungua ni faharasa yake. Mwalimu alielewa haraka kwa sababu ya vitabu. Mimi nilielewa kwa karani wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, pale kwetu. Mashua inaweza kutia nanga imejaa hadi ukingoni, lakini kama karani hajaipima na kuiandika, kwenye daftari siku hiyo hapakuvuliwa kitu. Websaiti yetu ilikuwa imetia nanga. Nani angeiandika?

Mwalimu hakusubiri karani. Chini ya ukurasa kijana yule alikuwa ameweka kihesabu cha wageni, na kila jioni mume wangu alitangaza matokeo kama ya uchaguzi. Leo watu 12. Leo 27. Siku aliyofikisha 43 aliniambia nijiandae kuongeza magunia. Jioni hiyohiyo bando la simu yangu lilikuwa limekwisha bila mimi kutuma hata picha moja, na mvulana wetu wa mwisho akakiri kwamba Baba humlipa shilingi kumi afungue tovuti kwa kila simu iliyopo bomani, aifunge, aifungue tena. Wageni 43 walikuwa sisi watano.

Desemba akapiga simu mtu mwenye sauti ya redio. Alisema ni mtaalamu, na kwamba ndani ya siku saba tungekuwa ukurasa wa kwanza, nafasi ya kwanza, kwa shilingi 15,000. Hapa Mwalimu angepaswa kukumbuka historia, maana ndiye aliyenisomea gazetini wakati ule. Mwaka 2011 Google ilileta Kenya mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure. Ilipofika Januari 2012, Mocality, kampuni iliyokuwa na orodha ya biashara za Kenya iliyokusanywa mtaa kwa mtaa, ikafichua kwamba kuna watu wanaoichota orodha yake na kuwapigia wenye maduka wakidai kwamba Mocality na Google wanashirikiana. Mocality iliwategea kwa ujanja ninaoupenda hadi leo: ilibadilisha namba za simu katika kurasa walizokuwa wakizichungulia, wakapiga, wakapokewa na wafanyakazi wa Mocality wenyewe, wakarekodiwa. Google iliomba radhi hadharani. Ikiwa hata jina kubwa namna hiyo liliwahi kusemewa uongo kwenye simu, sauti ya redio isiyo na jina ilistahili maswali mawili matatu kutoka kwetu.

Haikuulizwa hata moja. Hela za bati zikaondoka kwa M-Pesa nikiwa ufuoni.

Kazi ya mtaalamu tuliiona baadaye. Alijaza maneno yaleyale mara mia mbili chini ya ukurasa kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, binadamu asiyaone ila mashine iyasome. Google huuita ujanja huo ulaghai, na tovuti inayoutumia inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Aliongeza orodha ya maneno-msingi kwenye sehemu iliyofichika ya ukurasa, sehemu ambayo Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitazami katika kupanga matokeo. Siku ya nane simu yake haikupatikana, na nafikiri haijapatikana mpaka leo.

Sikupiga kelele. Nilipika omena kavu bila nyanya kwa siku tatu, naye akala bila neno.

Binti yetu, anayesoma chuo huko Rongo, alirudi kwa Krismasi. Alikuta nyumba imenuna. Akaomba ile karatasi ya nywila, akaketi na laptopu yake mezani, akaingia kwenye mipangilio. Tulikuwa bado hatujamaliza kumwagia lawama yule kijana wa Migori aliposema, "Baba, njoo uone."

Kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo, na ndani yake tiki. Pembeni yake kwa Kiingereza paliandikwa ombi kwa injini za utafutaji kwamba zisiiorodheshe tovuti hii. Wajenzi wengi huiweka tiki hiyo wakati kazi ikiwa bado vumbi tupu, ili dunia isione nyumba kabla ya milango. Wakimaliza huitoa. Wetu alisahau. Tangu Septemba kila mtambazi aliyefika mlangoni alikuta neno noindex, yaani usiniandike, akainamisha kichwa akaenda zake.

Ni adabu tu, binti alieleza. Mwaka 1994 Martijn Koster, Mholanzi, alipendekeza faili dogo, robots.txt, la kuwaambia watambazi sehemu wasizopaswa kupita, na noindex ni ndugu mdogo wa adabu hiyo. Hakuna kufuli wala ukuta. Ni kibao kinachosema hapana hodi, na mashine zenye heshima hukitii. Mwalimu alikuwa amelala nje ya mlango wa duka lake miezi mitatu, akimlipa mtu wa kumfungulia, na ufunguo uko ndani, upande wetu.

Aliondoa tiki kwa kidole chake mwenyewe. Binti akafuta yale maneno meupe yote, akaisajili tovuti kwenye Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti kurasa zipi zimeandikwa na watu waliandika maneno gani wakamwona. Siku ya tisa tulikuwa kwenye faharasa. Mwalimu alichinja jogoo.

Jogoo aliliwa bure. Kuandikwa si kuonekana. Tuliandika dagaa, tukajikuta nyuma ya dagaa wa Mwanza, dagaa wa Musoma na dagaa wa Kigoma, ambao hata si samaki wa ziwa hili. Neno sanifu lilikuwa limetuvusha mpaka bila pasipoti na kutupanga foleni Tanzania, mkiani.

Foleni hiyo, binti alisema, hupangwa kwa mengi, na mojawapo ni nani anakutaja. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Stanford, walishika wazo kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama kumtaja mtu kwa wema, na sifa huwa na uzito wa msemaji wake. Mama mwenye heshima akisema nunua kwa fulani, hailingani na kauli ya mlevi wa saa nne asubuhi. Kabla ya kampuni kuanzishwa mwaka 1998, mashine yao waliipa jina BackRub, kusugua mgongo.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Na wetu anausugua nani?"

"Hakuna, Dani," binti akamjibu bibi yake.

"Basi." Akafuta machozi, akamgeukia mwanawe. "Wuoda, nimeuza samaki hao kabla hujazaliwa. Niambie, ni nani amewahi kusimama hapa mlangoni akaniitisha dagaa?"

Nadhani hilo ndilo somo lote la injini ya utafutaji, na limetolewa na mtu ambaye hana hata simu ya kugusa. Mashine hailinganishi ubora wa Kiswahili chako. Inalinganisha kilichoandikwa dukani na kilichoandikwa na mwenye njaa, saa anapohisi njaa. Mwalimu alibisha siku mbili, akataja Baraza la Kiswahili na kamusi. Siku ya tatu nilimsikia akigonga herufi polepole. Ukurasa wa kwanza sasa unasema: omena, ambao Tanzania huitwa dagaa na Uganda mukene. Hapo ndipo alipokubaliana na nafsi yake, kwa kuyaita visawe. Tukaweka bei ya gunia na ya gorogoro, namba ya simu, na neno Muhuru Bay, Migori, mahali pa wazi. Hoteli moja ya Migori inayonunua kwangu ilikubali kututaja kwenye ukurasa wake. Tunu ya jadi ikaondoka. Lulu ya ziwa aliiomba ibaki, nikamwachia.

Tulikosea jambo moja. Kwenye ramani ya Google binti alimwachia baba yake aweke alama ya duka, na kidole cha Mwalimu ni kinene. Februari simu ililia, mwanamume ananipigia kwa wasiwasi: "Mama, ramani inaniambia niendelee mbele mita mia mbili, na mbele yangu ni maji." Nilitoka nje nikamwona kule chini, kasimama kando ya lori lake, simu mkononi, akilitazama ziwa kama aliyeagizwa kuogelea. Nilimpungia leso.

Huyo ndiye mteja wetu wa kwanza wa mtandaoni. Alitoka Kiambu. Mwalimu alimkaribisha kwa hotuba juu ya lishe, akamweleza mifupa ya watoto na kalisiamu. Yule bwana alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema anachanganya chakula cha kuku, na kwamba aliandika "omena ya kuku bei ya gunia".

Tulipofungua Search Console jioni, ndivyo ilivyokuwa: karibu nusu ya waliotuona walikuwa wafugaji. Mwalimu alikaa kimya kwa muda, halafu akaongeza mstari mmoja kwenye tovuti, kwa Kiswahili safi kabisa.

Bwana wa Kiambu alichukua magunia manane, na amerudi mara moja. Faida ilikwenda kwenye karo. Alama ya ramani tumeshaitoa majini. Bati bado, na mvua ya juzi nimeikinga kwa sufuria tano na beseni la mama mkwe.