Tatizo Liko Huko Juu

Sisi watu wa Garsen tuna jibu moja kwa kila swali: tatizo liko huko juu. Mto Tana ukifurika ukameza mihindi na migomba, mabwawa ya huko juu yamejaa. Ukinywea mpaka michanga ikaonekana, hayohayo mabwawa yamebana. Wala hatusemi uongo. Maji yetu hutoka Mlima Kenya na Aberdare, yakapitia Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakazungusha mitambo ya umeme, ndipo sisi wa mwisho tukaletewa kilichobaki. Mtoto wa huku hujua kulaumu juu kabla hajajua kuogelea.

Kwa hiyo intaneti niliyoingiza nyumbani ilipoanza kutambaa, sikuhitaji uchunguzi. Hukumu nilikuwa nayo tayari.

Nilikuwa nalipia Mbps 30. Antena ilikaa juu ya bati, inatazamana na mnara, na waya wake ukashuka ukutani hadi kwenye ruta sebuleni. Kutoka hapo waya wa pili ulikwenda chumba cha nyuma, kwenye kompyuta yangu. Nikapima: 9.4. Nikalala, nikaamka alfajiri wakati hata majogoo hawatumii mtandao, nikapima: 9.4. Namba ileile, kama saa iliyokufa ukutani.

Nikapiga simu kwa hasira. Dada aliyepokea alinisikiliza nikilalamika kwamba filamu ya megabaiti 300 ilipaswa kushuka kwa sekunde 10, maana 300 gawa kwa 30 ni 10, hesabu ya darasa la nne. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hizo 30 ni megabiti. Biti 8 ndizo baiti moja." Nikagawa. Zikabaki megabaiti 3.75 kwa sekunde. Yaani hata nikipewa haki yangu yote, filamu itachukua sekunde 80. Nilipiga simu kudai deni, nikakata simu nikiwa maskini zaidi.

Lakini aliniachia mtihani: nichomoe waya wa antena kwenye ruta, niuchomeke kwenye kompyuta moja kwa moja. Nikabeba kompyuta hadi sebuleni, nikachomeka, nikapima. 29.

Mtu mwenye akili angejua hapo kwamba mto umefika mlangoni kwake na maji yake yote. Mimi nikasogeza lawama hatua moja tu: ruta! Nikapanda gari hadi Malindi, nikanunua mpya kwa shilingi 3,500, nikarudi nimeipakata kama mtoto mchanga wa wenyewe. Nikaifunga. Nikarudi chumba cha nyuma, nikapima.

9.4.

Mama watoto hakusema neno. Alinyamaza ile namna ya kunyamaza inayosikika hadi Minjila.

Ndipo nikamwita kijana mmoja fundi wa simu. Akaamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaipita ruta mpya bila hata kuitupia jicho, akafungua mipangilio ya kompyuta, akanionyesha namba: 10.

"Kumi ya nini?"

"Kompyuta na ruta zikiunganishwa, kwanza huulizana: tuzungumze kwa megabiti 1,000, kwa 100 au kwa 10? Waya ukiwa mbovu, huenda zikakubaliana kwa 10 ili zisikosane. Humo toa nauli ya njiani, unabakiwa na 9 na kitu. Mwalimu, huu waya unapita wapi?"

Nikaanza kutokwa na jasho ambalo si la joto la Garsen.

Akaufuata kwa mkono, polepole, kama mvuvi anavyopandisha wavu: chini ya mkeka, nyuma ya kabati, ukatoka dirishani, ukapita barazani. Hapo mkono wake ukagota kwenye bonge la gundi nyeusi, nene kama goti la ngamia.

Ilibidi nikiri. Mbuzi wa jirani aliutafuna miezi miwili iliyopita. Ndani mlikuwa na nyuzi 8, zimesokotwa mbilimbili: ya machungwa na mwenziwe mwenye mstari mweupe, ya kijani na wake, ya buluu, ya kahawia. Mimi, usiku, kwa tochi ya simu, niliona ule msokoto ni uchafu wa kiwandani. Nikazifumua zote, nikazinyoosha vizuri, nikaunga rangi nilizoziona zinafanana, nikafunga gundi nikajipongeza.

"Ule msokoto ndio kinga yake, Mwalimu," akasema kijana. "Ndio unaozuia kelele." Akaweka waya mpya wa shilingi 500. Tukapima: 29.

Jioni ile niliketi kama sultani, nikapakua kila nilichokitamani. Saa mbili usiku, giza! Feni ikasimama, ruta ikazima, mbu wakashangilia.

"Unaona?" nikamwambia mama watoto. "Haya sasa ni ya huko juu. Kuna kitu kimeharibika kule kwenye mabwawa."

Akafunua pazia. Kwa jirani, taa zinawaka, na yule mbuzi amelala chini yake, anacheua.

"Baba," akasema, "tokeni ulinunua?"

Nikaenda kwenye mita na tochi ya simu. Ilisoma 0.00.