Namna ya Kujitetea Ukishtakiwa kwa Matangazo ya Barua Pepe

Hongera, mfanyabiashara. Umenunua orodha ya anwani elfu kumi kwa bei ya nyama choma ya watu wawili, na umeamua kwamba kila aliyemo anahitaji viti vya ofisi. Wengi walijaza fomu ya bahati nasibu ya friji dukani mwaka juzi. Friji hawakuipata, wewe umewapata. Umetuma saa kumi na moja alfajiri, na sasa mmoja wao amekushtaki kwa Kamishna wa Data, Nairobi. Tulia.

Anza na utetezi mkongwe: “Alikubali mwenyewe.” Una kasoro moja tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka wewe uthibitishe kwamba alikubali. Basi itafute ile fomu, uikunjue, uangalie kama kuna mahali palipoandikwa viti.

Pakikosekana, sema alikuwa na njia ya kujiondoa. Ni kweli ipo: chini kabisa, maandishi ya kijivu juu ya weupe, madogo kama mayai ya chawa. Akibofya, anaombwa neno la siri ambalo hakuwahi kupewa. Kanuni za 2021 zinataka kujiondoa kuwe rahisi, tena bila gharama ya maana. Shikilia hapo kwenye gharama. La urahisi lipite kimya kimya.

Limebaki lile la “ni mfumo.” Mfumo ni mshtakiwa mzuri, kwani haujibu maswali. Ila haulipi faini, nayo yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo yako ya mwaka uliotangulia, wakitazama kilicho kidogo. (Ndiyo, kidogo. Bunge lina huruma.) Kwa mara ya kwanza, kutouza hata kiti kimoja kumekufaa. Lakini usishangilie: mlalamikaji anaweza kudai fidia pia, na sheria inahesabu hata dhiki ya moyo. Marekani ungestarehe zaidi, maana sheria yao ya shirikisho ya 2003 haimpi mpokeaji wa kawaida nafasi ya kukushtaki.

Kamishna ana siku 90 za kumaliza shauri. Zitumie kuandika barua ya kuomba radhi, fupi, isiyo na punguzo la bei chini yake. Halafu, kabla hujabofya “tuma,” hakikisha inakwenda kwa mlalamikaji peke yake, si kwa wote elfu kumi.