Supaglu na Faragha ya Rubani

Kwa kubandika kioo cha rubani kwenye ndege ya Spitfire ya plastiki ya kipimo cha 1/72, hakuna gundi inayoishinda supaglu kwa ukarimu. Fundi huomba tone moja tu. Hupewa tone, na ukungu wa nyongeza. Mvuke wake hukutana na unyevu wa hewani, ukaganda juu ya plastiki angavu mithili ya mtoto wa jicho, na rubani wa mwaka 1940 akapata faragha ambayo Jeshi la Anga la Uingereza halikuwahi kumpa. Dashibodi iliyopakwa rangi saa kwa saa, mshale kwa mshale, nayo husitiriwa isipatwe na kijicho. Polisi hutumia mvuke huohuo kuibua alama za vidole, kwa hiyo dole gumba la fundi hubaki kiooni kama sahihi.

Gundi ya kuyeyusha plastiki nayo hujitahidi: huchora nyufa bila malipo.

Yenye kasoro ni gundi nyeupe ya maseremala. Hukauka ikawa angavu, haili plastiki, ikichuruzika hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na tena ni bei chee. Haifai kutajwa mbele ya mafundi wenye heshima zao.