Kikohozi cha Chifu

Msomaji mwenye mtoto wa chekechea, nakupa pole kabla hujaniambia lolote. Najua kamasi limeshafika hadi kwenye mito ya makochi. Nyumba yangu hapa Kalenga, Iringa, ilipata msukosuko wake Julai 2020, na mpaka leo mama watoto akiingia darasa lolote la watoto hutazama madirisha kwanza, ndipo asalimie.

Unakumbuka shule zilifungwa Machi 17 mwaka ule, siku moja baada ya Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, kumtangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha. Kuanzia chekechea hadi kidato cha sita, wote nyumbani. Tukakaa ndani na Chifu, mwanangu, wakati huo wa miaka minne. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa kuwa amezaliwa jirani na ilipokuwa ngome ya Chifu Mkwawa na hakubali kuamrishwa. Kipindi kile alimvalisha jogoo barakoa, akafundisha mbuzi kunawa. Shule zilipofunguliwa Juni 29, mama yake aliimba pambio kutoka jikoni hadi barabarani.

Sasa wewe wa Iringa unaijua Juni 29. Ndiyo kipupwe chenyewe. Asubuhi pumzi inaonekana mdomoni, ukungu umelala juu ya Ruaha Mdogo, na kila mtu anafunga dirisha. Chekechea ya Chifu nayo ilifunga madirisha yake. Mlangoni palikuwa na ndoo ya koki na sabuni, mlezi akikagua kiganja kimoja kimoja, jambo jema kabisa. Lakini ndani watoto walibanana kwenye mkeka, wakiimba kwa nguvu zao zote, hewa ile ile ikizunguka mpaka saa ya uji. Na ni mwanzoni mwa Julai ile ile ambapo wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi wakitaka ikubaliwe kwamba virusi vya korona huelea hewani ndani ya vyumba visivyopitisha hewa. Kuimba na kupiga kelele huvimwaga kwa wingi.

Barakoa? Shangazi alimshonea Chifu moja ya kitenge cha bluu. Jioni alirudi na ya njano, imelowa mate, ya mtoto nisiyemjua. Walikuwa wamebadilishana kwa karanga. Agosti ile Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri watoto wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe kuvaa, na mzazi yeyote angewaambia hivyo mapema.

Basi, Chifu alikohoa kidogo, kesho yake anakimbiza kuku. Akafuata dada wa kazi. Kisha siku moja naingia jikoni, moshi umetanda, maharage yameungua hadi sufuria imegeuka mkaa, na mama watoto amesimama palepale anakata kitunguu. Hasikii harufu yoyote. Hapo nilijua. Hakuna aliyetupima, ila pua ya mke wangu ilitosha.

Hofu yangu ilikuwa mama mkwe, tunayemwita Mkuu wa Wilaya akiwa mbali. Ana kisukari, na alikuwa akilala chumba kimoja na Chifu. Mkwe habishani na mama mkwe, kwa hiyo nilimtuma binti yake. Jibu likaja kwangu moja kwa moja: “Baba Chifu, mjukuu nimemngoja miaka, leo mnataka nimwangalie dirishani?” Tukashindwa. Akabandika nyungu ya mikaratusi, mchaichai na ndimu, akaita ukoo mzima chini ya blanketi moja. Chifu tulimwokoa kwa nguvu, maana sufuria inayochemka huunguza mtoto kufumba na kufumbua. Shemeji yetu, Profesa, alidai dawa halisi ni ulanzi. Msimu wake ulikuwa umepita, tukapumzika upande huo.

Usiku Mkuu wa Wilaya alianza kuhema. Tulimpeleka hospitali, akawekewa oksijeni, akarudi amekonda lakini anaamrisha. Chanjo zilipoanza nchini mwishoni mwa Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani, na mama mkwe akatudai gari asubuhi yake.

Kabla ya hapo, Septemba 2020, Marekani ilichapisha taarifa ya vituo vitatu vya watoto Salt Lake City. Watoto 12 walioambukizwa humo waliugua kidogo tu au hawakuonyesha dalili kabisa, lakini walipeleka virusi kwa watu wa nje wasiopungua 12. Mmoja, wa miezi minane, aliwaambukiza baba na mama. Nilipoisoma nilimwona Chifu na kuku wake. Mtoto anapita salama, mzigo unamwangukia bibi.

Ndiyo maana nawasihi walezi wote wa Iringa na Mbeya, na baridi yetu hii. Kunawa kuendelee, lakini hewa ipite. Mtoto aliyeamka na homa abaki nyumbani, na mzazi asifichwe wala asifiche. Mwalimu, acha dirisha wazi. Sweta nitaleta mimi.