Maadui Wanane wa Kondoo wa Mchuzi na Wali wa Nazi

Kondoo wa mchuzi mzito, aliyetulia motoni kwa muda wa saa tatu mpaka nyama ikaagana na mfupa, na pembeni sahani ya wali wa nazi: chakula hiki hakina siri. Kina maadui, na wengi wao wanalala nyumbani kwako. Nimewapanga kuanzia mwenye madhara madogo hadi yule ambaye nikimkuta jikoni namtoa kwa mwiko.

8. Mnunuzi wa steki

Anafika buchani na shati jeupe, anaomba "steki tupu, usiniwekee mifupa." Jioni analalamika kwamba nyama imekauka. Ikauke tu! Nyama ya kupika taratibu ni ile kondoo aliyoifanyia kazi: bega, shingo, muundi. Huko ndiko iliko kolajeni, ile mishipa myeupe migumu, ambayo ikikaa kwenye unyevu na joto la zaidi ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa huyeyuka ikawa jelatini. Jelatini ndiyo inayofanya mchuzi unate vidoleni. Steki haina akiba hiyo. Chukua kilo moja na nusu pamoja na mifupa yake, vipande vya kujaa kiganja, na umwombe mwenye shoka apunguze hasira, la sivyo utakula vichembe vya mfupa hadi usiku.

7. Shemeji wa "kondoo ananuka"

Ananuka, ndiyo. Na wewe shemeji ukitoka mpirani unanukia waridi? Harufu ya kondoo imekaa zaidi kwenye mafuta yake, na huzidi kadiri mnyama anavyozeeka. Tafuta mnyama mchanga, punguza mafuta ya juu, hasa kama ni kondoo wa mkia mnene, kisha kaanga vipande kwa tangawizi na kitunguu saumu hadi vibadilike rangi. Halafu mhesabie shemeji sahani.

6. Papai bichi

Lina heshima yake kwenye mishkaki, ambako nyama hukaa motoni dakika chache. Kwenye sufuria ya saa tatu unamlipa kibarua kwa kazi ambayo moto ungeifanya bure, tena anakuharibia: nyama inavurugika kabla haijaiva. Kikombe kimoja cha mtindi kinatosha.

5. Bwana Pakiti

Anamwaga pakiti nzima ya "viungo mchanganyiko" na kujiita mpishi wa pwani. Pwani ipi, ya bwawa? Chukua iliki tano, karafuu nne, kijiti cha mdalasini, pilipili manga ya punje, kijiko cha bizari nyembamba na kijiko cha giligilani. Vikaange vikavu kwa moto mdogo mpaka vianze kunukia, kisha vitwange kwenye kinu. Kiungo kikishasagwa huanza kupoteza harufu yake hewani. Ile pakiti iliyokaa kabatini tangu Idi iliyopita imebakiwa na rangi tu. Na karafuu usizizidishe eti kwa sababu una ndugu Pemba. Zikizidi, wageni watafikiri wako kwa daktari wa meno, na hawatakosea sana, maana mafuta ya karafuu hutumika huko kweli.

4. Shangazi wa presha

"Dakika arobaini tu, mwanangu." Shikamoo shangazi, na kwa heshima zote, hajadanganya: ndani ya sufuria ya presha joto hufika kama nyuzi 120, na nyama hulainika upesi. Wa Nairobi namsamehe kabisa, kwa kuwa mji ule uko juu kiasi kwamba maji huchemka karibu na nyuzi 95, na sufuria ya kawaida hudai muda mrefu kuliko ya Mombasa. Lakini presha haikaushi mchuzi. Mvuke hauna pa kutokea, kwa hiyo unapata supu. Inabidi ufungue na kuuchemsha bila mfuniko mpaka ushikane, na hapo ndipo shangazi hukumbuka kwamba ana kikao cha harusi.

3. Mfunuaji

Kila dakika tano yuko pale, "naangalia tu." Unaangalia nini? Kondoo hatoroki. Mvuke ndio unaotoroka.

2. Moto wa hasira

Vitunguu maji vinne vikaangwe hadi viwe vya kahawia, viungo vifuate, nyanya ziive mpaka mafuta yaelee, nyama na mtindi viingie, na maji yafike nusu ya nyama tu. Kuanzia hapo tunataka mapovu machache, yanayopanda kwa zamu. Mchuzi ukitokota kwa fujo, nyuzi za nyama hukaza na kujikamua, na kipande kinabaki kikavu katikati ya mchuzi. Kwenye jiko la mkaa, ondoa makaa, bakisha machache, yafunike kwa majivu. Methali ya haraka mnaijua, siirudii. Waomani shuwa yao ya Idi huifunga kwa majani, wakaifukia kwenye shimo la makaa, wakaiacha mchana na usiku. Wewe umekaa saa mbili tu, tayari umeshika uma.

1. Wewe mwenyewe, ukifika kwenye wali

Usigeuke nyuma, ni wewe. Nyama ya bega husamehe: ukichelewa nusu saa, haidhuriki. Wali hausamehi hata dakika tano, na ndio unaoachiwa mwisho, wakati wageni wanagonga mlango. Chukua mchele wenye harufu yake, wa Kyela au pishori ya Mwea. Mbuzi anayeruhusiwa jikoni leo ni wa kukunia nazi tu. Chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele, na kumbuka kwamba mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko wa mwaka jana, kwa hiyo kipimo cha jirani kisikupoteze. Ukikaribia kukauka, mimina tui zito, geuza mara moja tu, funika, palia makaa juu ya mfuniko, chini ubakishe joto dogo. Halafu toa mikono. Anayekoroga wali uliokwisha paliwa ndiye aliyezua bokoboko bila ngano.

Na mchuzini usitie nazi tena. Iliyo kwenye wali inatosha. Wageni wakilalamika njaa, wape kachumbari. Wakiulizia ukoko, waambie ni wa mpishi, na uamuzi huo hauna rufaa.