Jinsi ya Kujifanya Bingwa wa Kalenda ya Ethiopia

Kalenda ya Ethiopia unaweza kuijua kwa njia mbili. Moja ni kuisoma mwaka mzima na daftari mkononi. Nyingine ni hii ninayokupa hapa, na chai yako haitapoa kabla hatujamaliza. Chukua hii. Shida yetu ni ndogo tu: siku ukikaa na wenyeji wa Addis Ababa, watu wageuke wakuangalie, na ulilosema liwe kweli.

1. Anzia kwenye saa, maana hapo umeshashinda. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: jua likitoka ndipo hesabu inapoanza, na saa tatu asubuhi yao ndiyo saa tatu asubuhi yetu. Mtalii kutoka Ulaya hutokwa jasho kwa jambo hili. Wewe umekua nalo. Jitambe nalo mapema, kabla hujaulizwa gumu. Ila tiketi ya ndege isome kwa saa za kimataifa, usije ukaachwa.

2. Mwaka, toa 8. Basi. Mwaka wao mpya, Enkutatash, huangukia Septemba 11, na kuanzia siku hiyo hadi Desemba 31 unatoa 7. Siku nyingine zote ni 8. Ukichanganyikiwa, sema 8: zaidi ya miezi minane ya mwaka iko upande wako.

Unataka kupunguza umri? Mwaka wako wa kuzaliwa uache kwa kalenda ya Gregori, na mwaka wa sasa uuchukue kwa yao. Aliyezaliwa 1980, Machi 2026 ni mwaka 2018 kule. 2018 toa 1980, ana miaka 38. Minane imeyeyuka. Raha hiyo ni ya mezani tu, fomu ya serikali usiiguse.

Na tafadhali, usiseme Ethiopia "imechelewa". Wao wanafuata hesabu ya kuzaliwa Kristo iliyopigwa na mtawa Annianus wa Alexandria mwanzoni mwa karne ya 5. Dionysius, ambaye hesabu yake ndiyo tunayoitumia sisi, alipiga yake huko Roma karne iliyofuata. Litaje hilo kwa sauti ya chini, kisha unywe maji. Meza ni yako.

3. Miezi ni 13: kumi na miwili ya siku 30, na Pagume wa siku 5 mwishoni. Usihangaike kukariri yote. Shika kwamba tarehe mosi za ile miezi 12 huangukia kati ya 7 na 11 za miezi yetu: Meskerem mosi Septemba 11, Tir mosi Januari 9, Yekatit mosi Februari 8, Nehase mosi Agosti 7. Ukishika hizo nne, za katikati utazibuni na utakosea kwa siku moja au mbili, kosa ambalo hakuna mwenye adabu atakayelisemea mbele za watu.

Sasa nikupe silaha. Yekatit 23 ni sikukuu ya ushindi wa Adwa, siku jeshi la mfalme Menelik II lilipowapiga Waitaliano. Hesabu: Yekatit mosi ni Februari 8, ongeza siku 22, unapata Februari 30. Haipo, kwa hiyo ni Machi 2, na ndiyo siku inayoadhimishwa hadi leo. Hapo atatokea msomi mmoja aseme vitabu vinaandika Machi 1, 1896. Mpokee kwa furaha, kwa sababu nyote wawili mmesema kweli. Mwaka 1900 kalenda ya Gregori iliruka Februari 29. Ya Ethiopia hairuki, huongeza siku kila mwaka wa nne bila kukosa. Tangu hapo pengo limepanuka kwa siku moja. Litapanuka tena mwaka 2100, na ukilisema hilo msomi atakuomba namba ya simu.

4. Ukikamatwa umekosea siku moja, mtaje Luka. Waethiopia huipa miaka majina ya Mathayo, Marko, Luka na Yohana kwa zamu, na mwaka wa Luka ndio wenye Pagume wa siku 6. Mwaka mpya unaofuata husogea hadi Septemba 12, na tarehe zote husogea nao mpaka Februari 29 yetu ije kusawazisha. Ndiyo maana milenia yao, mwaka 2000, ilipokelewa Septemba 12, 2007, na sikukuu ya Timkat, ambayo kwa kawaida ni Januari 19, mwaka 2024 iliangukia tarehe 20. Kumtambua Luka, gawa mwaka wao kwa 4: ikibaki 3, ndiye. Wa 2019 ni wake, kwa hiyo Septemba 2027 kisingizio chako kitakuwa halali kabisa.

5. Kwenye mkataba, viza na cheti cha kuzaliwa, acha ujanja wote. Nyaraka nyingi za kule huweka herufi E.C. kando ya mwaka wao na G.C. kando ya ule wa Gregori. Ukiona mwaka umekaa peke yake, usitie saini. Rudisha karatasi, omba tarehe zote mbili ziandikwe, na usubiri hapohapo mpaka ziandikwe.